Mwenyekiti Ndiye Anayekupalilia, Tata

Tata,

Nimetoka makaburini sasa hivi. Tope la huko bado liko miguuni, sijanawa. Nimepita karibu nawe, karibu kabisa, hata pindo la kitenge changu limegusa nyasi zako, na sikuinama. Sikung'oa hata jani moja. Nikaona nikuandikie mwenyewe, usije ukadhani huko uliko kwamba Justina amemsahau baba yake.

Najua huenda Mungu ameshakujulisha yote. Lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwenye mafundisho ya dini kwamba Mungu anajua shida zetu na bado anataka tumwambie. Basi nami nakuambia.

Tangu tukuzike, Kishanda uliyoiacha siyo hii. Tumehamishiwa barabarani. Nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule asubuhi, mlango unatazama mlango, ukikohoa jirani anakupa pole. Vibanja vyetu vimebaki kule nyuma. Tunavifuata alfajiri, tunarudi jioni na ndizi kichwani. Sikatai, kuna mema. Maji yako karibu, na wajukuu zako wanaenda shule bila kuvuka mto. Kigango nacho kimehamia huku. Lile kanisa ulilolifagia maisha yako yote limeezuliwa, mabati yakaenda kuezeka darasa, na kuta za udongo zimerudi kuwa udongo. Kengele tumeining'iniza kwenye mti karibu na duka la ushirika. Anaipiga mtu mwingine. Anaipiga vibaya, Tata. Anaipiga kama vile kuna nyumba inaungua.

Kilichobaki kule juu ni nyinyi tu.

Siku moja baada ya ibada, Mwenyekiti wa kijiji akasimama kutoa matangazo. Mwenyekiti ni Kamugisha. Unamkumbuka? Utamsahauje. Ndiye yule aliyetaka Kipaimara ili apate kufunga ndoa, ukawa unamrudisha kwa sababu ya Kanuni ya Imani. Alikuwa anaanza vizuri, kwa sauti, lakini akifika "akafa, akazikwa" anakwama kama lori kwenye tope. Bibi harusi anangoja kwao, rubisi ya harusi inachacha mitungini. Akakuambia kwa hasira, "Katekista, hata Mungu mwenyewe hajaniuliza haya." Ukamjibu, "Atauliza. Mimi nakuandaa." Tangu siku hiyo hadi unaingia kaburini hakukuita tena Katekista. Alikuita "yule mzee."

Basi Kamugisha akasema shamba la ujamaa litaongezwa. Litapanda kutoka kwenye rweya, kule kwenye nyasi tupu, litachukua uwanja wote wa kanisa la zamani, hadi juu. Mahindi na maharage. Watu wa kata watakuja kukagua, na mipaka ya watu binafsi itaondolewa. Halafu akaongeza, huku anatazama kofia yake mkononi, "Kama kuna mwenye marehemu wake pale, aseme."

Tata, hakuna aliyesema.

Nilitazama huku na huku. Pale walikuwapo watu ambao nusu ya ukoo wao wamelala kule juu, na kila mmoja alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nami niliangalia vyangu.

Usituhukumu haraka. Unajua mwenyewe kwetu kaburi ni nini. Mtu akigombania kibanja, haleti maneno mengi. Anawapeleka wazee nyuma ya nyumba, anawaonyesha babu alipolala na mulamula uliosimama kichwani pake, na kesi imekwisha. Mti uleule tunaoupanda mpakani ndio tunaoupanda kaburini. Kwa hiyo, siku zile, kusema "baba yangu amelala hapa" ilikuwa sawa na kusema "hapa ni pangu." Na nani aseme "hapa ni pangu"? Wale mabwana wa nyarubanja, waliokuwa wakihesabu mashamba na wakulima wake kuwa ni mali yao, wamekwisha kunyang'anywa, na kwenye mikutano watu wanaonyooshewa kidole na kuitwa kabaila ni watu wa kawaida tu, wenye migomba ya kulishia watoto. Ukishaitwa hivyo, jina linakuganda. Watu waliogopa. Nami niliogopa kwa ajili ya wanangu.

Padre alipokuja kutusomea Misa tulimweleza. Akasema atafikisha kwa wakubwa wake, tuzidi kusali. Nilisali rozari mpaka kidole kikaota sugu.

Nikapanda basi kwenda mjini, Nshambya, kwa Deogratias, mwanao, niliyembeba mgongoni. Nilijua yeye ana kazi ofisini, anajua kuzungumza na wakubwa. Alinipokea vizuri, akanipa chai na mkate. Nilipomweleza akaenda kufunga mlango. Akasema, "Dada, baba yuko mbinguni. Kule Kishanda pana mifupa tu."

Nikamwambia, "Mifupa hiyo ndiyo iliyokulipia shule."

"Nami nikifukuzwa kazi, nani atawalipia wangu? Nikija kule kudai kaburi, watasema msomi amerudi kudai ardhi." Kisha akajaribu kutania, "Msimu wa senene ukifika usinisahau."

Nilimaliza chai kwa sababu Mama alitufundisha tusiache chai ya mtu. Njiani nilimchukia, halafu nikaona hajasema jambo ambalo mimi mwenyewe sikulifikiria pale mkutanoni.

Nilichokikuta niliporudi ndicho kilichonivunja. Siku iliyofuata mchana nilipanda kule juu nikusalimu. Kwa mbali tu nikaona pana upungufu, kama mtu aliyeng'olewa meno. Milamula haikuwepo. Palikuwa na mashimo mabichi, udongo mwekundu umetupwa pembeni. Nikadhani watu wa kata wamekwisha kuja. Nikaanza kulia kwa sauti.

Kumbe si wao. Nilisikia kitu kinavunjika, nikageuka, nikamwona Ta Bagenda, yule mzee fundi wa mitumbwi, amepiga magoti penye kaburi la mkewe. Alikuwa anautikisa mulamula wake huku na huku kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Ukakatika mzizi. Akaanguka nao chali.

Nikamwambia kwa heshima, "Ta, waitu, unafanya nini?"

Akakaa hapohapo chini, mti mapajani. "Mwanangu, hukuniona."

"Nimekuona."

"Wanasema wanakuja kuhesabu mipaka. Wakiuona huu watauliza ni wa nani." Akaupangusa udongo kwa kiganja. "Yeye angenielewa. Alikuwa mwoga kuliko mimi."

Tata, wenyewe ndio waliokuwa wanaing'oa. Kila mmoja alikuja kwa wakati wake, kwa kujificha, akang'oa wa kwao, akautupa kwenye mtaro upande wa chini. Misalaba ya mbao mchwa walikwisha kuila zamani, mawe hatukuwa nayo, milamula ndiyo ilikuwa majina yenu. Mpaka siku ile nilikuwa nawaogopa watu wa kata. Nikaona sasa kwamba jembe lao likija halitakuta kaburi, litakuta kichaka, kwa sababu sisi tumetangulia kuwafuta.

Wako ulikuwa bado. Nilikaa kando yako nikaushika shina. Nitakuambia kweli, nilifikiri kuung'oa. Nilifikiri, nikiuacha peke yake, utasimama kama shahidi, wataniuliza mimi. Mkono ulikuwa tayari uko kwenye shina. Ndipo nikamwona Petro.

Simaanishi niliona mzuka. Niliona kaburi lake, pale pembeni penye kona, lenye mulamula wake mnene kuliko yote. Hakuna aliyeugusa. Nani angeugusa? Petro hakuwa na mtu.

Nilikuwa msichana mdogo wakati ule, alipokuja kutoka Burundi kuchuma kahawa, akashikwa na homa kwenye kibanda cha kukaushia, akafa kabla hatujajua ukoo wake ni upi. Wewe ulimbatiza palepale kwa maji ya kibuyu, ukampa jina Petro. Ukamzika. Na kila siku ya Marehemu Wote, tukipanda pale na majembe, ulianza na yeye. Babu anangoja, bibi anangoja, watoto wako uliowazika wanangoja, wewe unapalilia Petro, kisha unamtandikia nyasi mbichi kama mgeni aliyeingia ndani. Mama alikuwa anachukia. "Unaanza na mtu ambaye hata hakujui?" Nawe bila kuinua uso ulisema, "Hawa wengine wana wa kuwaambia. Huyu akiamka siku ile, atamwuliza nani njia?"

Nilitoa mkono kwenye mulamula wako. Nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu, hata baba watoto.

Siku ya kazi filimbi ililia mapema. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Tukapanda wote, wanaume kwa wanawake, na majembe mabegani, na hakuna aliyeimba. Unajua watu wetu wakienda kulima pamoja walivyo na maneno. Siku ile nilisikia nyayo tu. Kule juu alikuwa anatungoja bwana mmoja kutoka kata, kijana, shati jeupe, kalamu mfukoni, viatu vimeloa umande. Kamugisha alisimama kando yake. Mama yake mzazi amelala pale, Tata, wewe ndiye uliyemzika, na mulamula wake nao ulikuwa kwenye mtaro. Nani aliung'oa sijui na sitaki kujua.

Bwana wa kata akauliza, "Mwenyekiti, hapa pana makaburi ya watu?"

Kamugisha akatugeukia. "Pana mwenye marehemu wake hapa?"

Kila mmoja akatazama mpini wa jembe lake.

"Haya," akasema yule bwana, "basi tuanze."

Wanaume wa mbele wakainua majembe. Hawakuyashusha. Nakuapia, yalibaki juu, kama picha, kila mmoja anangoja mwenzake apige kwanza. Nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Mimi ninaye."

Wote wakageuka. Bwana wa kata akaniuliza wewe ni nani, nikamwambia ni Justina, mtoto wa aliyekuwa katekista wa hapa. Akasema kwa upole, si kwa ukali, "Mama, unadai ardhi hii?"

"Mimi ni mwanamke, waitu. Kwa desturi ya huku sirithi hata mgomba. Nidai nini?"

Wengine wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Leo anakuja dada, kesho anakuja kaka. Naijua Buhaya, mama. Mimi mwenyewe ni wa Kaagya."

Alisema kweli. Basi nikatembea. Nikakupita wewe, nikaenda moja kwa moja kwenye kona kwa Petro, nikashusha jembe, nikaanza kumpalilia.

Yule bwana akanifuata. "Huyo ndiye baba yako?"

"Huyu ni mgeni. Alikuja kuchuma kahawa yetu, akafa. Hana ukoo hapa wala popote tunapopajua. Huyu ndiye ninayemdai."

"Unamdai nini?"

"Kumpalilia tu."

Nikaendelea. Nilikuwa naogopa kuinua uso. Nikasema, na sijui maneno yalitoka wapi, labda kwako, "Kama kupalilia wa kwetu ni kudai ardhi, basi tusipalilie wa kwetu. Kila mtu ashike asiye wake. Hapo nani atasema tumedai?"

Halafu nikasikia jembe linashuka. Alikuwa Ma Anastazia, jirani yetu wa siku zote, yule mwenye ulimi. Amesimama penye kaburi la mama mkwe wa Bagenda. Akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Huyu si ndugu yangu hata kidogo. Alinichukia tangu nikiwa msichana, na mimi nikamrudishia. Nampalilia ili aone aibu."

Watu wakaangua kicheko, Tata. Pale, katikati ya hofu ile, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha wakatawanyika. Mmoja akauliza, "Hapa pana nani?" Mwingine akajibu, "Si wangu, lakini namjua, ni babu wa kina Rwechungura." "Basi nipishe mimi, siyo wa kwangu pia." Walikuwa wanatajana kwa kukana. Kila mtu alitamka jina la maiti wa mwenzake, na kwa namna hiyo nyote mkatajwa. Ta Bagenda alikwenda mtaroni akarudi na milamula kwapani. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kuchipua palepale ilipotupwa, unajua mti ule haufi kirahisi. Akauchomeka mmoja juu ya kaburi la mama yake Kamugisha, akaukanyagia udongo, bila kumtazama mtoto wa marehemu. Na kaburi la mkewe Bagenda alilishika kijana mmoja wa Kilutheri, ambaye hana mtu wake hata mmoja mle. Akasema, "Mimi ndiye nisiyeweza kushukiwa kudai kuliko nyote."

Bado wewe. Ulikuwa umebaki peke yako katikati, hujashikwa. Nilikuona kwa pembe ya jicho. Mwili mzima uliniwasha nije, lakini nilikuwa nimekwisha kusema maneno yangu mbele ya watu.

Kamugisha alikuwa bado amesimama kando ya bwana wa kata. Alitazama mulamula juu ya mama yake. Akavua kofia, akampa yule bwana amshikie, kama mtu anayempa mtoto. Akaja kwako.

"Na huyu," akasema, "kila mtu anajua hakuwa ndugu yangu."

Akashusha jembe.

Bwana wa kata aliigeuzageuza ile kofia mkononi. Anajua mambo yule, si mtu mbaya. Mwisho akasema, "Kwa hiyo hakuna mwenye kudai chochote. Hata wafu mmewatia kwenye ujamaa." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likatoweka. "Mahindi yataanzia chini ya mtaro. Hapa patakuwa mahali pa kijiji. Lakini sikilizeni. Siku nitakayosikia mtu analima kaburi la kwao, nitajua mipaka imerudi, na majembe yatapita. Mwenyekiti, wewe ndiye utakayejibu."

Kamugisha akasema, "Nitajibu."

Ndiyo hivyo, Tata. Hilo ndilo agano letu, na ndiyo sababu sikugusi.

Leo ilikuwa siku ya Marehemu Wote. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika. Tulipanda wengi kuliko zamani zako. Nilimpalilia Petro, nikamtandikia nyasi mbichi. Hatua chache kutoka kwangu Kamugisha alikuwa kwako. Nikuambie kweli, hajui kupalilia. Anakata majani juu juu, sangari anaiacha na mizizi yake, upande wa miguu hajaufikia kabisa. Nilikuwa nauma meno. Mwanzoni nilitaka kumpokonya jembe. Nikashika rozari badala yake.

Kisha akaacha kulima, akaegemea mpini, akaanza kusali. Alidhani hakuna anayesikia. Alisali Kanuni ya Imani. Alianza vizuri, kama zamani, akaenda, akaenda, "akafa, akazikwa." Akakwama.

Palepale, Tata.

Maneno yanayofuata nilikuwa nayo mdomoni. Ungenisikia, nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Lakini nikamwona anatazama kule kwa mama yake, nikajua safari hii si kwamba amesahau. Nikanyamaza. Alikaa muda mrefu. Senene mmoja alitua begani kwake, hakumfukuza. Halafu akamalizia mpaka amina, peke yake, bila kukosea.

Nilipokuwa nashuka alinipata njiani. Akasema, "Mwambie Katekista nimefaulu." Katekista, alisema. Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe. Wewe ndiye wake sasa."

Senene za Deo nimeshazikaanga, nitamtumia kwa mtu wa basi. Aliniuliza kama kaburi lako lina mtu. Nilimjibu ndiyo, ila si sisi. Nimemwambia mwakani aje, apewe wa ukoo mwingine. Hajakataa.

Sasa pumzika, baba yangu. Ninayokuahidi ni haya. Nitaanza na Petro kila mwaka, kama ulivyofanya. Wewe nitakupita na jembe langu begani, nitakusalimu kwa macho tu, na moyo utaniuma, na nitaendelea kutembea. Wanangu nimekwisha kuwaambia kwamba siku yangu ikifika wanilaze hukohuko juu, na wasithubutu kunipalilia wao. Wampate mtu mwingine, hata aliyenichukia.

Na Kamugisha mvumilie kwa ile sangari. Akikwama tena, mngojee. Ulikuwa hodari wa kungoja.

Mwanao,
Justina